Mwanagenzi wa Mazingaombwe na Haki ya Mtazamaji

Wengi waliosoma shule za msingi Tanzania wanaikumbuka siku ya mazingaombwe. Mgeni amefika na sanduku lake, amekubaliana na mwalimu mkuu, na wanafunzi wameagizwa waje na vijisenti vyao. Madawati yamesogezwa ukutani. Mgeni anatia nyembe mdomoni na kuzitoa zikiwa zimetungwa katika uzi, anakula moto, anakunja kipande cha gazeti kikafunguka kuwa noti. Wa mbele wanarudi nyuma, wa nyuma wanasimama juu ya vidole. Jioni habari zimefika nyumbani kabla ya watoto wenyewe: leo shuleni kulikuja mchawi. Mzazi mmoja hucheka. Mwingine hacheki, huuliza mtu huyo ametoka wapi, na usiku huu amelala kwa nani.

Neno hilo, mchawi, mtoto amelitumia kwa kukosa jingine, ilhali Kiswahili kina maneno ya kutosha. Kuna mazingaombwe, ambalo sikioni mwa mpenda ushairi lina kuzinga na lina uwazi mtupu ndani yake, wanaisimu waseme watakavyo. Kuna kiinimacho, nalo ni bora zaidi, kwa kuwa linakiri mahali jambo linapotendeka. Halitendeki mkononi mwa mchezaji wala ndani ya sanduku lake. Hutendeka machoni mwa anayetazama. Uchawi husemwa kuwa umo ndani ya mchawi. Kiinimacho kimo ndani ya mtazamaji, na mchezaji ni mgeni tu aliyebisha hodi akafunguliwa. Mgeni ana adabu zake. Basi anayeanza kujifunza sanaa ya kudanganya macho anadaiwa nini na wenye macho?

Swali hili ni jepesi likiulizwa katika ukumbi wa mjini wenye tiketi na mapazia. Likiulizwa Ntobeye lina uzito mwingine. Ntobeye ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, katika ile pembe ya nchi inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na migomba, kahawa na maharage, ambako Kihangaza husemwa nyumbani na Kiswahili shuleni na dukani. Jina la Ngara lilisikika duniani kote mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa na mtu wa pwani kwamba neno lililosemwa juu ya jirani laweza kuua.

Na afikiriwe kijana mmoja wa huko, wa miaka 17, ambaye aliyaona mazingaombwe shuleni, akayaota, kisha akapata simu yenye intaneti na kuanza kujifunza peke yake. Mwalimu hana. Anayo sarafu ya shilingi 200, kioo kidogo cha kunyolea kilichoachwa na baba yake, na subira.

Jambo la kwanza atakalogundua litamshangaza, nalo ni kwamba hila haianzi kwa hila. Hila ya kale ya sarafu ni kuitia, kwa kuonekana, kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, na kumbe imebaki kuliani. Wanagenzi wengi hukimbilia hapo hapo kwenye uongo, na uongo wao hujulikana kwa mtoto wa darasa la pili. Anayetaka kufaulu huitia sarafu kweli, mara 100, mara 200, akijitazama kiooni: vidole vinafunguka vipi, bega linashuka kiasi gani, macho yanakwenda wapi, pumzi inatoka lini. Akishaujua ukweli huo kwa mwili wake wote, ndipo auigize. Mkono wa kushoto ulio mtupu ushike hewa kama ulivyoshika fedha, usikaze zaidi wala usilegee. Ule wenye sarafu ushuke ubavuni kama mkono wa mtu asiye na habari yoyote.

Kisha atajifunza macho. Mtazamaji hutazama pale mchezaji anapotazama. Mchezaji akiutazama mkono wa kushoto kwa mapenzi, kijiji kizima kitautazama. Tendo kubwa hufunika tendo dogo: mkono ukinyanyuka juu, vidole vya mkono wa pili vina nafasi ya kufanya watakalo. Na mtu akiulizwa jina lake huinua uso, wala hawezi kuinua uso na kuendelea kuvitazama vidole. Asitangaze mapema litakalotokea, maana aliyeambiwa kuwa sarafu itapotea ameshaanza kuilinda. Asirudie hila ileile mbele ya watu walewale hata watoto wakiimba “rudia, rudia” hadi machweo. Mara ya kwanza wanatazama kitu. Mara ya pili wanatazama mkono.

Kuna somo moja ambalo mafunzo mengi ya sanaa hii hayatamfaa, kwa kuwa yametungwa kwa ajili ya watu waliokaa mbele ya jukwaa. Kijijini hakuna jukwaa. Watoto humzunguka mtu kama wanavyozunguka ngoma, na aliyesimama nyuma huona kila kitu, tena hasiti kukisema. Mchezaji wa kijijini hana budi kusimama mgongo ukiwa ukutani, au achague hila zisizo na mgongo, kama ile ya vikombe vitatu na vijiwe. Hila hiyo ni ya kale mno. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliigusia katika barua yake moja, akaona kuwa udanganyifu wa namna hiyo hauna madhara na kwamba ni udanganyifu wenyewe unaompendeza. Akifunuliwa namna unavyofanyika, hamu humtoka. Maneno hayo yanafanana na sheria kuu ya wachezaji mpaka leo, yaani usifichue. Na Seneca asingekosea kama watu wote wangekuwa Seneca.

Jioni moja kijana huyu, mkono wake ukiwa umeshaiva, anakwenda dukani kununua sabuni. Mwenye duka ni mtu mzima, naye humwita baba mdogo kwa heshima ya kijiji.

“Baba mdogo, hebu niazime sarafu moja hapo kwenye droo.”

Sarafu inatolewa. Mkono wa kushoto unafumbwa, unapulizwa, unafunguliwa: hakuna kitu. Waliokaa kwenye benchi wanaruka. Kijana anaitoa sarafu sikioni mwa mtoto, anairudisha kwa mwenyewe, anakwenda zake amejaa fahari. Usiku mwenye duka anahesabu mauzo ya siku, na pamepungua shilingi 4,000.

Katika Tanzania fedha inayopungua dukani bila sababu ina jina lake: chuma ulete. Husemwa kuwa wapo watu wawezao kuzivuta fedha za mwenzao kutoka kwenye droo kwa dawa, kwamba noti moja yao ikiingia humo hutoka na nyingine na kurudi kwa bwana wake. Wafanyabiashara wengi, na wamo waliosoma, hawalicheki jina hilo. Yamkini zile 4,000 zimechukuliwa na msaidizi wa duka. Yamkini ni mkopo wa sukari uliosahauliwa kuandikwa. Lakini benchi zima lilimwona kijana akiifuta sarafu ya duka lile kwa pumzi yake.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa mchezo, maana si yeye atakayetajwa. Kijana wa miaka 17, wasemavyo watu, hawi na uchawi wake mwenyewe, kuna aliyemrithisha. Itaulizwa anaishi na nani. Anaishi na bibi yake, mjane, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima.

Msomaji anayedhani kuwa hapa hofu imekuzwa na akumbuke yaliyotokea Kanda ya Ziwa. Kwa miongo mingi wanawake wazee wameuawa huko, hasa katika nchi ya Usukuma, kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa ni macho mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Katika kanda hiyohiyo, tangu miaka ya 2000, watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hata serikali ikalazimika mwezi Januari 2015 kuwapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Na Kigoma, mkoa unaopakana na Kagera kwa upande wa kusini, wamepita watu waitwao kamchape au lambalamba, ambao huingia vijijini wakidai kufukua pembe na hirizi kutoka sakafu za nyumba za watuhumiwa. Jina hilo si geni: katika miaka ya 1930 wasaka wachawi walioitwa mchape walienea katika nchi za Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, wakipanga watu mstari na kuwakagua katika kioo kidogo. Kioo hicho hakikutofautiana sana na kile cha kunyolea alicho nacho kijana wa Ntobeye. Na yeyote aliyefanya mazoezi kwa mwezi mmoja tu ya kuficha kitu katika kitanga cha mkono, akilitazama tendo la kufukua pembe, ataelewa jambo ambalo umati hauelewi: pembe haihitaji kuwamo sakafuni ili itoke sakafuni.

Wala mtu wa visiwani asiyatazame haya kama mambo ya bara. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotoka Pemba ikaingia Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na umati uliodhani umemkamata mwenyewe.

Kwa hiyo swali la adabu limegeuka kuwa swali la damu. Yapo majibu mawili ya haraka, na yote mawili yana watu wake.

La kwanza ni kwamba kijana aache. Wapo wanavyuoni wa Kiislamu wasemao hivyo, nao hawasemi kwa ujinga. Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alipozihesabu aina nane za sihiri aliutia humo wepesi wa mikono wa wachezaji, na Ibn Kathir akaihadithia orodha hiyo katika tafsiri yake. Hoja yao ya lugha ina nguvu: sihiri kwa Kiarabu ni kila kitu ambacho sababu yake imefichika. Kila aliyesoma chuoni anakijua kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, ambao kamba zao zilionekana kwenda mbio, yaani zilionekana tu. Hata hivyo katika hoja hiyohiyo limo shimo dogo la kupitia. Kama ubaya umo katika kufichika kwa sababu, basi yapo maficho ya namna mbili, na hayana hukumu moja. Kuna kuficha jinsi jambo lilivyotendeka. Na kuna kuficha kwamba lina jinsi. Fundi wa saa huficha magurudumu yake nyuma ya kioo cha saa wala hamdanganyi mtu. Mpiga ramli hadai kuwa ana magurudumu aliyoyaficha. Anadai kuwa hakuna magurudumu.

Sheria ya nchi nayo, kwa bahati au kwa busara, imeelekea huko. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, ambayo Tanzania Bara iliirithi kuwa Sura ya 18, haikujiingiza katika kuthibitisha kama uchawi upo. Katika maana ya uchawi imetia madai: kudai kuwa na nguvu za siri, kudai kuwa na elimu ya siri. Mtu aliyeificha sarafu katikati ya vidole hajadai lolote. Aliyesema kuwa ameiyeyusha kwa nguvu alizopewa amedai.

Jibu la pili la haraka ni lile la wachezaji: watu ni watu wazima, wafurahi wanavyotaka, na atakayeamini uchawi ni shauri yake. Jibu hili limetumiwa na watu wenye nguvu juu ya watu wasio nazo, nalo lina historia isiyopendeza. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mchezaji wake mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin, akawatie wenyeji hofu kuliko walivyowahofu masharifu wao. Alikuwa na kisanduku chepesi chenye chuma chini yake, na chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Akamwita mtu wa miraba minne, akamwambia amemwondolea nguvu zake. Umeme ukawashwa, na yule jitu akashindwa kukinyanyua kitu ambacho mtoto angekibeba. Baadaye, Robert-Houdin mwenyewe asimulia, wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kuwa yote yalikuwa ustadi tu. Maelezo yalikuja baada ya hofu kumaliza kazi iliyotumwa.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 1883, Mskochi Joseph Thomson aliondoka Mombasa na msafara wa wapagazi kwenda kuvuka nchi ya Wamasai. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Aliyachomoa na kuyarudisha mbele ya wenyeji, akatia chumvi ya Eno katika maji ikafoka, akakubali kuhesabiwa kuwa laibon wa Kizungu. Alipokiandika kisa hicho kitabuni mwaka 1885 alikiandika kwa kicheko. Wapagazi wa pwani waliokuwa nyuma yake yamkini waliijua siri, na mtu aweza kukifikiri kimya chao kwa namna mbalimbali. Thomson ana udhuru: alikuwa mgeni njiani na aliiogopea roho yake. Kijana wa Ntobeye hana udhuru huo. Hapiti njia, anaishi hapo.

Kati ya majibu hayo mawili kuna la tatu, na wapenzi wa ushairi wanalijua tangu zamani ijapokuwa hawakuliita hivyo, kwa kuwa fumbo la Kiswahili ni hila iliyokiriwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipofumba, aliyefumbiwa alijua kuwa amefumbiwa. Mlango ulikuwa na komeo, lakini ulionekana kuwa ni mlango. Husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ila hata huyo mjinga wa methali ameachiwa nafasi ya kwenda kwa mwerevu akamuuliza. Hakuna aliyekufa kwa kutoligangua fumbo la Muyaka. Mchezaji wa mazingaombwe naye aseme tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wa nyuma, kwamba atakayoyaona mtu ni ufundi wa vidole, wala hamna dawa, wala jini, wala kipaji cha ukoo. Hilo la ukoo litajwe kwa jina lake. Ajabu haipungui. Aliyeambiwa kuwa anadanganywa, akakaza macho, na bado akadanganywa, anashangaa mara mbili.

Laiti mambo yangeishia hapo. Taabu ni kwamba kukana hakutoshi, na ushahidi wa hili haukutoka kijijini. Sir Arthur Conan Doyle, tabibu kwa elimu na mtunzi wa Sherlock Holmes, yule mpelelezi asiyeamini ila akionacho, alishikilia kuwa rafiki yake Harry Houdini alitumia nguvu za roho kutoka katika pingu na masanduku. Houdini alikana. Alikana faraghani, akakana hadharani. Doyle alikichukua kila kikano kuwa ni unyenyekevu au hofu ya mwenye siri kubwa, na hata baada ya Houdini kufariki mwaka 1926 hakubadili neno. Ikiwa daktari wa Uingereza hakuamini, mwenye duka aliyepoteza shilingi 4,000 ataamini vipi? Mchawi gani aliyepata kusema mimi ni mchawi?

Hapa ndipo sheria kuu ya wachezaji inapopaswa kuvunjwa, na ivunjwe kwa makusudi. Mwanagenzi anayeishi katikati ya watu wenye hofu hii awe na hila moja ya kutoa sadaka. Aicheze, washangae, kisha aicheze tena polepole mkono ukiwa wazi, halafu ampe mtu mmojawapo sarafu na kumfundisha mpaka afanye mwenyewe. Isiwe hila ya mchezaji mwingine aliyeitunga na kuila. Iwe ya zamani, isiyo na mwenyewe, kama hii ya sarafu. Nyingine zote aziweke kifuani. Mtu aliyeishika siri moja kwa vidole vyake atazikisia zilizobaki hata asipozijua. Atajua kuwa zina jinsi.

Watakuwapo wa kumlaumu kuwa anaiua sanaa. Lawama hiyo ina jibu la zaidi ya miaka 400. Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana shamba wa Kent huko Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho *The Discoverie of Witchcraft*. Nchini mwake wanawake wazee, maskini na wapweke walikuwa wakishtakiwa na kunyongwa kwa uchawi. Scot aliazimia kuonyesha kuwa hawakuwa na hatia, na katika hoja zake akaingiza maelezo ya hila za wachezaji: vijiwe, sarafu, karata, kisu kinachoonekana kupenya ulimi, kichwa kinachoonekana kukatwa na kuwekwa sahanini. Kitabu hicho ndicho maelezo marefu ya kwanza ya mazingaombwe kwa lugha ya Kiingereza, na wachezaji wenyewe wakakifanya chuo chao na kukinakili kwa vizazi. Sanaa haikufa. Sarafu ya Scot ingali inapotea. Inapasa kukumbukwa tu kwamba kilichomsukuma kuandika hakikuwa mapenzi ya mchezo. Walikuwa bibi za watu.

Nchini India Basava Premanand, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki 2009, aliifanya njia hiyo kuwa kazi ya maisha. Alizunguka vijijini akitoa majivu “matakatifu” katika kiganja kitupu kama wafanyavyo wajiitao watakatifu, kisha akawaonyesha watu kidonge cha majivu kilichokuwa kimebanwa vidoleni na kuwafundisha wakitengeneze. Alikuwa mkali, na huenda ukali wake ulimpunguzia wasikilizaji. Kijana wa miaka 17 mbele ya wakubwa wake hawezi ukali huo wala haufai. Anachoweza ni kicheko.

Kuna pingamizi moja lenye uzito kuliko lile la sanaa. Anayefundisha hila hawezi kuchagua atakayejifunza. Kwenye stendi za mabasi, Tanzania na Kenya, wapo wachezesha karata tatu, pata potea, ambao vidole vyao ni vya mchezaji hodari. Wapo pia matapeli wanaodai kuosha karatasi nyeusi zikawa dola. Ni kweli. Ila hao hawajawahi kungoja kufundishwa, na aliyeionja hila moja kwa mkono wake ni windo gumu zaidi kwao.

Jinsi hila ya sadaka inavyotolewa nako kuna mpango wake, na hapa kijana alikosea tangu alipoingia dukani. Mtazamaji wake wa kwanza angekuwa bibi yake. Yule ambaye lawama ingemwangukia alikuwa na haki ya kujua kabla ya watu wote, tena kwa ukamilifu, na kusema hapana kama angetaka. Mtazamaji wa pili angekuwa mwalimu, na wa tatu darasa lake. Fedha iwe ya mchezaji mwenyewe siku zote, isiwe ya droo ya mtu. Asiicheze msibani, wala kwa mgonjwa, wala nyumba iliyoibiwa. Wala asikubali hata siku moja kuombwa kwa utani “hebu ifanye irudi ile saa yangu iliyopotea”, kwa sababu utani huo una mlango wa nyuma.

Lakini jambo limeshatokea, na fedha zimeshapungua. Asubuhi kijana anasikia minong'ono kisimani. Anaweza kukaa ndani na kungoja yapoe. Au anaweza kumwambia bibi yake kila kitu, akaoga, akarudi dukani mchana kweupe benchi likiwa limejaa, na bibi yake ameketi pale mbele kama mtu mwingine yeyote.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba.” Bila kuinua uso.

“Jana nilikuchezea, sikukueleza. Nimekuja nikueleze.”

Anaweka juu ya meza sarafu yake mwenyewe. Anaonyesha. Benchi linacheka, kisha linanyamaza, kisha mmoja anasema kumbe iko huku. Mwenye duka anakataa kuijaribu, anakataa mara ya pili, halafu anaichukua. Inamwanguka. Bibi ndiye anayemwambia kuwa anaukaza mno mkono wa kushoto, na kwamba asiutazame ule wa kulia. Mara ya nne au ya tano mtoto wa jirani aliyesogea kuangalia anapiga ukelele, sarafu imempotea machoni, na mwenye duka anakitazama kiganja chake mwenyewe kama kwamba ni cha mtu mwingine.

Jioni anafunga mlango, anawasha taa, anamwaga mauzo juu ya meza na kuhesabu. Halafu anavuta daftari la madeni, analamba kidole, na kuanza kulisoma ukurasa kwa ukurasa tangu Jumatatu.